Jina Nililoliweka Kwenye Mfuko wa Unga

Martina mwanangu,

Nakuandikia nikiwa hapa kwenye banda la mashine, nimekaa juu ya gunia la mahindi, karatasi nimeziweka juu ya mizani. Wewe umeenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya kabla ya safari yako ya Singida kesho. Nimezima mashine makusudi. Wamekuja wateja wawili na madebe yao, nikawaambia mkanda umekatika, warudi kesho. Mkanda ni mzima. Huo uongo mdogo nimeukiri mapema ili nizoee, maana mkubwa unakuja.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kula mapema na kuchagua marafiki. Mama yako amekuambia hayo wiki mbili mfululizo, na bibi yako tangu afike jana kutoka Masieda ameyarudia yote kwa Kiiraqw, kwa hiyo umeyapata kwa lugha mbili. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka minne.

Juzi ulinipa daftari lako. Ulisema, "Baba, wewe umefanya biashara, hebu angalia kama mpango wetu na Neema umekaa sawa." Nilifurahi kuombwa, nakuambia ukweli. Nikavaa miwani, nikasoma jinsi wewe na rafiki yako mtakavyochukua mafuta ya alizeti kwenye mashine ya baba yake huko Singida na kuyauza mjini. Mwandiko wako mzuri kuliko wangu. Nikafika ukurasa ulioandika namna ya kuyatangaza mafuta hayo: redio, gari la matangazo, mabango, fulana, kalenda, kundi la WhatsApp, jezi za timu ya vijana. Chini kabisa ulikuwa umeandika, "Kukaa sokoni na wateja, kukaanga waonje." Halafu ukaukata mstari huo kwa kalamu nyekundu, na pembeni ukaandika, "Hapana. Si kitaalamu."

Maneno hayo ni yangu. Nilikuambia mimi, hapa hapa bandani, na nilikuambia kwa ukali. Orodha yote ya juu nayo ni yangu, kwa mpangilio ule ule niliokuja nao kutoka semina. Nilikurudishia daftari nikasema liko sawa, kisha nikatoka nje nikajifanya naangalia mbuzi. Mwanangu, halikuwa sawa, na mimi nilijua.

Nianze mwanzo, ingawa ulikuwepo, kwa sababu nadhani nimekufanya ukumbuke vibaya.

Mashine ilipokuwa mpya tulikuwa tunasaga mahindi ya watu tu. Wazo la kukoboa, kusaga na kufunga unga wetu wenyewe, tukaupeleke mnadani Basotu, lilikuwa la kwako. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, umekaa nyumbani, unatafuta la kufanya. Nikakuambia kule ni kwa wafugaji, watu wa maziwa, unga wataufanyia nini. Ukaniuliza, "Sasa baba, hayo maziwa wanakula na nini?" Nikakupa magunia mawili ili unyamaze.

Wewe hukwenda kukaa upande wa ng'ombe, waliko wanaume wenye pesa mfukoni, ambako mimi ningekaa. Ulitandika turubai upande wa akina mama wanaouza maziwa. Ulipika ugali kwenye sufuria kubwa ya mama yako, ukawakatia vipande, wakala na maziwa yao wenyewe kutoka kwenye vibuyu vyao. Aliyekuwa na hela alinunua. Asiyekuwa nayo ulimpimia unga kwa kopo la sado, ukachukua maziwa, na maziwa yale ukawauzia akina mama ntilie wa pale pale mnadani kabla hayajachacha. Ulijifunza salamu zao. Ulijua nani ana mtoto mgonjwa na nani mumewe ni mbishi wa kutoa hela. Ulirudi umechoka, unanuka moshi, na mifuko mitupu. Baada ya miezi michache walikuwa hawasubiri siku ya mnada. Walikuwa wanapanda na punda wao mpaka hapa Gitting, wanamuuliza mama yako yuko wapi binti wa unga.

Mimi nilikuwa naona aibu. Leo nakuambia. Wazee wenzangu kanisani waliponitania kwamba binti yangu anapika ugali mnadani na kubadilishana maziwa, nilicheka nao, lakini ndani niliungua. Nilitaka waseme binti wa fulani ana kampuni.

Ndipo nikaenda semina ile ya wajasiriamali kule Babati. Siku ya kwanza mwalimu alifundisha asubuhi nzima kuhusu kumjua mteja: ni nani, anakaa wapi, anasikiliza nini, nani nyumbani anayeamua. Najua hivyo kwa sababu niliambiwa na waliokuwa ndani. Mimi nilikuwa nje kwenye kivuli naongea na simu, namweleza baba yako mdogo Emanueli kwamba niko na wakurugenzi. Niliporudi mwalimu alikuwa ameshafika kwenye njia za kutangaza bidhaa. Aliziandika ubaoni zote, akasema kila biashara ichague zinazoifaa na kuzichanganya kwa kipimo. Mimi nikazinakili zote, na neno la kuchagua sikuliandika.

Nilirudi nyumbani, nikauza madume mawili ya ng'ombe, na nikafanya kila kitu kilichokuwa ubaoni. Kama mtu anayekunywa kila dawa iliyopo dukani kwa kuwa hajui anaumwa wapi. Redio nililipia. Mabango nilichomeka mpaka njia ya kwenda malishoni, ambako wasomaji wake walikuwa mbuzi. Fulana niligawa kwa wajomba zako, watu ambao tayari walikuwa wanakula unga wangu bure, wakazivaa kulimia. Ulinitania siku ile, ukasema, "Baba, shamba letu sasa linajua unga wetu." Nilikukaripia mbele ya mama yako.

Halafu likaja suala la jina.

Mwalimu alisema bidhaa iwe na jina linaloheshimika. Nikafikiri sana, na nikaona nimepata. Yule mzee mfugaji wa upande wa Basotu, rafiki wa baba yangu, unamjua. Ukoo wake ni mkubwa kule tambarare, na akina mama wengi waliokuwa wananunua unga kwako wameolewa humo. Nikasema nikiuita unga kwa jina lake, ukoo mzima utakuwa wangu. Nilikwenda kwake na blanketi na sukari, nikampa shikamoo, nikamweleza. Mzee alicheka, akafurahi, akawaita wanawe wasikie. Wote wakakubali. Tukapiga picha. Jina lake unalijua, na kwenye mifuko ya unga nililiandika kwa herufi kubwa nyekundu. Kwenye barua hii sitaliandika, na utaelewa kwa nini.

Wewe ulisema jambo moja tu. Ulisema, "Baba, tuwaulize na kina mama kwanza." Nakumbuka ulikuwa umeshika ungo, na nakumbuka nilivyokujibu. Nilisema, "Kina mama wananunua unga, hawanunui jina." Niliona nimesema neno la akili sana. Hata nilimsimulia Emanueli jibu lile, tukacheka.

Siku ya mnada nikaenda mwenyewe na gari la matangazo, spika mbili juu. Wewe nilikuwa nimekukataza hapa bandani usiwashe moto. Nilikuambia kampuni haipiki ugali, na habari ya maziwa iishe, si kitaalamu. Nikakukalisha kwenye kiti cha plastiki na simu, uwe unatuma picha kwenye kundi la WhatsApp. Ukaniuliza ni nani kati ya wale kina mama ana simu ya kupokea picha. Nikamwashiria kijana wa gari aanze.

Kijana wa gari alikuwa na sauti. Alilitangaza jina la mzee mara nyingi kuliko mchungaji anavyosema amina. Karibu unga wa fulani, fulani ndiye baba wa lishe, kila mama ndani kwake awe na fulani. Wanaume upande wa ng'ombe walikuwa wanacheka na kupiga makofi, na mimi nikawaangalia wao. Wewe ulikuwa unaangalia upande mwingine. Ulikuja ukanivuta shati, ukasema, "Baba, wanaondoka." Nikageuka nikaona akina mama wamejifunika shuka kichwani, wanabeba vibuyu vyao, wanahamia mbali kule kwenye mitumba. Nikasema jua ni kali, wanatafuta kivuli.

Hawakurudi. Mnada uliofuata hawakuja, na uliofuata. Punda waliokuwa wanapanda mpaka hapa wakaacha. Unga ukalala bandani mpaka ukaingia wadudu. Niliongeza redio. Nikarudisha gari mara ya pili, na nikaongeza punguzo la bei. Kila nilipozidisha kelele, ndivyo walivyozidi kukaa mbali.

Sasa nafika pale ninapoona aibu. Tulikaa kikao cha familia, sebuleni. Alikuwepo mama yako, bibi, Emanueli na mke wake, na mzee wa kanisa tuliyemwita atuombee biashara. Emanueli akauliza nini kimeharibika. Mimi nilikuwa nimeuza madume, nimejitangaza wilaya nzima, na sikuweza kusema sijui. Nikakunyooshea kidole. Nikasema, "Aliyeharibu soko ni huyu. Aliwazoesha kula bure na kulipa maziwa. Ameushusha hadhi unga wetu, sasa hawauthamini." Nikasema huna mkono wa biashara.

Bibi yako alitaka kusema kitu, nikamkata mama yangu mzazi maneno. Mzee wa kanisa akaomba Mungu akufundishe bidii. Ukasema amina kama wengine. Kisha ukatoka ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ungekuwa ni ukali wa siku ile tu, labda ningejisamehe. Hasira ninayo, kila mtu anajua, na inapita. Lakini kilichofuata hakikuwa cha hasira.

Haukupita muda mrefu, mama mmoja akaja hapa bandani, Mama Safari, mkwe wa yule mzee, yule mwenye bangili nyingi za shaba aliyekuwa anakuletea siagi. Wewe ulikuwa umeenda Katesh na mama yako. Alinipa shikamoo, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. Akaniambia anataka unga, na hataki ule wa mfukoni, anataka niumwage nimpimie kwa sado kama zamani. Nikaudhika. Nikamwambia unga ni ule ule, achukue mfuko.

Kisha akasema taratibu, "Mzee, unga yako ni nzuri, watoto wanaililia. Lakini kwetu mwanamke hataji jina la baba ya mume wake. Hata kwa bahati mbaya hataji. Mimi nitakuja dukani niseme nataka nini? Na nikiweka huo mfuko ndani kwangu, na mtoto anauliza mama hapa imeandikwa nini, nitamwambia nini?"

Nikamwambia wanaume wenyewe walikubali.

"Wanaume hawapiki," akasema.

Halafu akaniambia lile ambalo sikulitegemea. Akasema siku ya gari walitaka kufa kwa aibu, kusikia jina la mkwe linapigiwa kelele sokoni kama la mbwa aliyepotea, na wao wamesimama pale. Akasema walidhani wewe ndiye umewafanyia. Kisha wakakumbuka ulikuja mbio nyuma yao ukiwa unalia, ukawaomba msamaha, ukiwa hata hujui unaomba msamaha wa nini. "Huyo binti yako alituona," akasema. "Wewe hukutuona."

Nilimpimia unga. Nilimwongeza, akakataa nyongeza. Akaondoka.

Nimezaliwa kwenye mlima huu, nimenunua ndama kwa watu wale tangu sijaoa, nimekunywa maziwa nyumbani kwao. Nilikuwa nimewasikia wanawake wao wakizungukazunguka wakitaka kumtaja mtu fulani, nikidhani ni aibu za kike. Miaka yote hiyo sikuuliza. Wewe mwaka mmoja tu wa kukaa kwenye turubai ulihisi kuna kitu, ndiyo maana ulisema tuwaulize.

Na mimi nikafanya nini? Nilichoma mifuko yote kwa siri, nikaagiza mifuko myeupe. Nikawaambia ninyi nyumbani uchapaji umepanda bei. Nilimlipa kijana mmoja wa redio ili tangazo lisitishwe, nikasema msimu umekwisha. Kila kosa nililirekebisha isipokuwa lile nililokukosea wewe. Nilijua siku ile ile kwamba uliyoyafanya yalikuwa sahihi na niliyoyafanya yalikuwa upuuzi, nikakaa nawe meza moja jioni, ukaniuliza uniongezee mboga au nimeshiba, nikasema nimeshiba.

Nilijiambia nitakueleza Jumapili. Ikawa Krismasi. Halafu siku moja kwaya wakakuomba uwasimamie kuuza mandazi ya mchango, nikakusikia kwa masikio yangu ukijibu, "Tafuteni mwingine, mimi sina mkono wa biashara." Nilikuwa hatua tatu nyuma yako, nimebeba benchi. Ningeweza kulitua pale nikasema. Nilipita na benchi langu. Umelirudia neno hilo mara nyingi tangu hapo, na kila mara najua nani amelipanda. Nilichokuwa nakiogopa ni kidogo sana, mwanangu, kwamba Emanueli angenicheka.

Kwa hiyo unaondoka kesho ukiamini mambo mawili ya uongo. La kwanza, kwamba uliua biashara yetu. La pili, kwamba biashara huanza na redio. Yote umeyapata kwangu.

La kwanza nimeshalijibu. Hili la pili niruhusu niseme kidogo, si kwa sababu mimi ni mtaalamu, ila nimeharibu vitu vingi na nimebaki navyo vipande.

Baada ya Mama Safari kuja, nilianza kumuuliza kila anayeingia hapa amesikia wapi habari zetu. Swali dogo, na nilipaswa kuliuliza kabla ya kuuza dume hata moja. Wenye maduka wa Katesh walisema redio, kwa sababu wanashinda nayo dukani kutwa nzima. Walimu walisema simu, wanaagiza huko huko na kutuma bodaboda. Mwenye hoteli mmoja alinionyesha kalenda yangu ukutani kwake, bado anaitazama ingawa mwaka umeisha. Kuhusu mabango hakuna aliyesema lolote, isipokuwa mzee mmoja aliyenishukuru kwa mti mzuri wa kufungia punda. Na akina mama wa tambarare, kila mmoja alitaja mama mwingine. Alikula kwako, akamwambia dada yake. Sikumpata hata mmoja aliyetaja redio.

Kumbe redio haikuwa mbaya. Niliipeleka kwa mtu asiyeisikiliza, na tena kabla unga haujafika madukani. Watu wa Dongobesh walisikia tangazo, wakaenda kuuliza dukani, wakaambiwa haupo, wakanunua wa mwingine. Nililipa pesa yangu kuwatafutia wateja watu wengine. Mkiitaka redio huko Singida, kwanza mafuta yawe yameshakaa kwenye rafu, ndipo mseme yapo.

Angalieni mafuta yenu yananunuliwa na nani. Sijui Singida vizuri, lakini nadhani kuna mama anayekaanga mandazi kuanzia alfajiri, na huyo anataka kuyaona mafuta kwenye karai lake mwenyewe, kama yanatoa povu, kama yanaisha haraka. Tangazo halitamwambia hayo. Yupo anayenunua kipimo kidogo cha leo tu, huyo anataka muwe pale pale kesho na kipimo kile kile. Yupo mwenye duka, anayetaka mumpigie simu kabla hajaishiwa. Mkimpa kila mmoja kinachomfaa, mtakuta mnahitaji vitu vitatu tu katika ile orodha yako, na vilivyobaki mtaviongeza mkiona haja. Na mkikifanya kimoja, kipeni muda, muwaulize watu kabla ya kuongeza kingine. Mimi nilifanya vyote kwa mpigo, hata sikuweza kujua kipi kilikuwa kinaniua.

Wala usiende kukaanga mandazi sokoni kwa kunihurumia mimi. Pengine wanawake wa huko wana haraka, ukiwaonjesha unawachelewesha. Hilo utaliona wewe ukikaa nao, maana kipaji chako hakikuwa sufuria. Ulikuwa unakaa chini na watu mpaka ukawaelewa. Mimi nilikuwa nasimama juu ya gari. Huo mstari ulioukata kwa kalamu nyekundu, kama utaurudisha au hutaurudisha, amua kwa kuwaangalia wanunuzi wako, na neno langu la utaalamu ulifute kichwani.

Na kama jambo lolote lenu litagusa jina la mtu, au picha yake, au mila yake, waulizeni wale watakaolibeba nyumbani. Ruhusa ya mzee nilikuwa nayo. Ya wakwe zake sikuwahi kuitafuta, na ndio waliokuwa wateja wangu.

Akina mama wale sijawaomba msamaha mpaka leo. Baadhi wamerudi kusaga hapa, tunasalimiana, wananipa shikamoo yangu na mimi naitikia marahaba nikitazama chini. Nitakwenda Basotu mnada ujao. Nimechelewa, lakini kwako nimechelewa zaidi, kwa hiyo naanza na wewe.

Nisamehe, mama. Nilikuonea mbele ya watu, kisha nikajua nimekuonea, kisha nikanyamaza. Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote. Sina namna ya kukurudishia miaka minne uliyojidharau kwa ajili ya kiburi changu. Kama hutaweza kunisamehe haraka, sitakulaumu, na usijilazimishe kwa sababu mimi ni baba.

Nimefikiri kukupa barua hii uisomee njiani. Ningejisikia vizuri, wewe ungelia peke yako kwenye basi, na hapa nyumbani wote wangebaki wanaamini nilichowaambia. Huo ungekuwa ujanja mwingine wa kwangu. Kwa hiyo nitaiweka juu ya begi lako leo, uisome kabla hujaonana na mtu.

Kesho asubuhi kabla ya basi tutakusanyika sebuleni kwa sala ya kukuaga. Bibi atakuwepo, mama yako, Emanueli na mke wake, na nimemwita yule yule mzee wa kanisa. Kabla hajafungua kinywa kuomba, nitasimama nitawaambia kwamba siku ile nilisema uongo, na kwamba wewe ndiye uliyeijua biashara kuliko mimi. Nimejifunza maneno yenyewe hapa bandani, nimeyasema kwa sauti mara kadhaa, na kila mara yananikwama katikati. Unanijua mimi. Emanueli akikohoa tu naweza kugeuza nikaanza kuongelea mvua.

Ukiona nimefanya hivyo, usinionee huruma. Toa barua hii, simama mbele yao wote, uisome kwa sauti yako ile ya kwaya, kuanzia mwanzo, na usiruke mahali.

Baba yako